Je, Maua ya Altare ni Hasara?



Liko swali moja ambalo watu wenye nia njema huliuliza, nalo si swali la kipumbavu wala la uasi. Wanaona altare imepambwa siku ya Pasaka. Wanaona mama waliotoka alfajiri kuchuma maua, kuyasafisha, kuyatia maji na kuyapanga. Kisha baada ya siku tatu wanayaona yamenyauka, yametupwa jalalani. Basi wanauliza: Kazi hii ina faida gani? Mungu aliyeumba maua yote ya mwituni, je, anahitaji maua yetu? Na huyu mama aliyeitumia asubuhi yake kanisani, je, hakuwa na jirani mgonjwa wa kumtekea maji?

Swali hili lastahili jibu la kweli, si jibu la haraka. Kabla ya kulijibu, nitawaeleza habari ya kanisa moja la mbali, katika nchi ya Uingereza. Kwa maana huko kazi ya maua hufanywa kwa juhudi kubwa kupita kiasi cha kawaida, hata swali letu laonekana wazi kuliko penginepo.

Kusini mwa Uingereza uko mji mdogo uitwao Arundel. Katika karne ya 16 wafalme wa nchi ile walijitenga na Baba Mtakatifu, na kwa muda mrefu kuadhimisha Misa kulikuwa kosa mbele ya sheria. Philip Howard, bwana wa Arundel, alitiwa gerezani mjini London mwaka 1585 kwa ajili ya imani yake, akafa humo mwaka 1595 bila kuikana. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa mtakatifu. Mwaka 1829 Wakatoliki wa Uingereza walirudishiwa sehemu kubwa ya haki zao. Mwaka 1873 mzao wa Philip, jina lake Henry, Duke wa 15 wa Norfolk, alifungua mjini Arundel kanisa kubwa la mawe. Lilikuwa kanisa la parokia kwa miaka 92, hata mwaka 1965 likafanywa kanisa kuu la jimbo jipya.

Huyo Henry alikuwa ameona katika mji wa Sutri, karibu na Roma, jinsi Wakristu wanavyotandika maua njiani kwa Sikukuu ya Mwili wa Kristu. (Sikukuu hii, mjue, ilianza katika jimbo la Liège, nchi ya Ubelgiji, mwaka 1246, Papa Urbano IV aliieneza kwa Eklezia nzima mwaka 1264.) Akapenda desturi hiyo, akaileta kwao mwaka 1877. Tangu hapo watu wa parokia wamekuwa wakikusanyika kabla ya sikukuu, wakapiga magoti sakafuni, wakafuma mkeka wa maua na majani katikati ya kanisa. Urefu wake ni mita karibu 28. Kila mwaka mchoro wake ni mwingine. Hawalipwi mshahara, ni watu wa kujitolea. Nami nadhani si ajabu kwamba watu ambao babu zao walisali kwa kujificha walitaka kumpamba Bwana wao mchana kweupe.

Sasa angalieni mwisho wa kazi hiyo. Misa ikiisha, maandamano yanatoka. Yeye aliyebeba Sakramenti Takatifu anapita juu ya mkeka ule, na watu wakimfuata. Kazi ya mikono mingi inakanyagwa kwa dakika chache, na siku ya pili inafagiliwa.

Je, si hasara?

Swali hili la hasara ni la kale kuliko mkeka wa Arundel. Liliulizwa kwanza mezani, katika kijiji cha Bethania, siku sita kabla ya Pasaka. Maria, dada yake Lazaro, alichukua marhamu ya nardo safi yenye thamani kubwa, akaimimina miguuni pa Yesu, na nyumba ikajaa harufu yake. Yuda Iskarioti akanung'unika: kwa nini marhamu hii haikuuzwa kwa dinari 300, wakapewa maskini? Pigeni hesabu wenyewe. Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, dinari moja ni ujira wa kutwa. Basi dinari 300 ni karibu mshahara wa mwaka mzima wa kibarua, na yote yamemwagika kwa saa moja.

Tusifanye haraka kumcheka Yuda. Mwenye Injili asema kwamba hakuwajali maskini, bali alikuwa mwizi na mshika mfuko. Lakini Injili nyingine zatuambia kwamba wanafunzi wengine nao walikasirika, nao hawakuwa wezi. Kwa hiyo swali lenyewe halikuwa baya, ingawa kinywa kimoja kilichoulizia kilikuwa kibaya. Bwana wetu alimtetea yule mwanamke, akasema kwamba amefanya hivyo kwa ajili ya maziko yake, na kwamba maskini watakuwa nasi siku zote. Watu wengine hulichukua neno hili la mwisho kana kwamba Yesu aliwapa ruhusa ya kuwasahau maskini. Hawajui kwamba alikuwa akigusa neno la kitabu cha Kumbukumbu la Torati, ambalo halikomi hapo: kwa kuwa maskini hawatakoma nchini, ndiyo sababu Mungu anaamuru kila mtu amfungulie ndugu yake mkono wake. Asiyejua sehemu ya pili hajaijua ya kwanza.

Babu zetu katika imani walilitafakari jambo hili kwa uzito. Mtakatifu Yohani Krisostomo, aliyekuwa padri wa Antiokia kabla ya kuwa askofu wa Konstantinopoli, akafa mwaka 407, alihubiri maneno makali sana juu yake. Aliwaambia watu wake kwamba haifai kumheshimu Kristu kanisani kwa vitambaa vya hariri na kumwacha huko nje akitetemeka kwa baridi, uchi. Ni bure kuipamba meza yake kwa vikombe vya dhahabu, naye mwenyewe anakufa kwa njaa mlangoni. Hakukataza mapambo, alitaka maskini watangulie.

Lakini mtakatifu huyo huyo, alipofika kwenye habari ya yule mwanamke na marhamu yake, alisema jambo jingine ambalo wachache hulikumbuka. Alisema: mtu akija kukuuliza kabla hajatengeneza pambo la kanisa, mwambie awape maskini. Lakini ukimkuta amekwisha kulitengeneza, iwe ni pambo la ukuta au la sakafu, usimwamuru aliuze wala alivunje, usije ukauzima moyo wake. Ndivyo alivyofanya Bwana: marhamu ilikuwa imekwisha kumwagika, na kumkemea mwanamke yule kusingemlisha maskini hata mmoja, kungemhuzunisha yeye tu.

Mimi naona hekima kubwa hapa, na inatufaa hata kijijini. Jirani yako akiumwa asubuhi ya Jumapili, nawe hujachuma maua, nenda kwa jirani. Altare bila maua haipungukiwi na kitu. Misa ni ile ile, neema ni ile ile. Lakini ukifika kanisani ukakuta mwenzako amekwisha kupamba, funga kinywa chako, wala usimhesabie dinari zake. Mara nyingi anayezihesabu dinari za mwenzake hajatoa hata moja yake kwa yule maskini anayemtaja.

Labda mtu atasema: Haya, lakini bado hujajibu, Mungu ana haja gani na maua? Hana haja. Hilo ni kweli kabisa, wala mtu asiwadanganye. Lakini fikirini mtoto mdogo aliyekwenda shambani kwa baba yake akavunja muhindi mmoja, akaja nao mbio nyumbani kumpa baba. Muhindi ni wa nani? Ni wa baba. Shamba ni la nani? La baba. Hata nguvu za miguu ya mtoto zatoka katika ugali wa baba. Na bado hakuna baba mwenye akili atakayesema: Mwanangu, umeniletea kilicho changu. Anaupokea, na mtoto anajua kwamba amependwa. Maua hayamwongezei Mungu kitu. Yanatuongezea sisi, kwa kuwa mkono uliozoea kushika kwa ajili yake wenyewe unajifunza kufunguka.

Tena maua yana jambo moja ambalo dhahabu haina. Kalisi ya dhahabu inadumu, na aliyeitoa aweza kuchorwa jina lake chini yake, wajukuu wakalisoma. Ua halina mahali pa kuandika jina. Mtakatifu Yeronimo aliandika habari za padri kijana Nepotiano, aliyekufa kwa homa karibu na mwaka 396. Alimsifu kwa kuwa alipamba makanisa kwa maua ya namna nyingi, majani ya miti na matawi ya mizabibu. Tena kwa kuwa aliangalia kama altare inang'aa, kama kuta hazina masizi, kama sakafu imefagiwa. Yeronimo, mwalimu mkuu wa Maandiko, hakuona ni aibu kuandika juu ya ufagio. Maua yale yalioza zaidi ya miaka 1600 iliyopita, wala hakuna ajuaye yalikuwa ya rangi gani.

Hapa tumefika penye ugonjwa wa vikundi vya maua, nao ni lazima tuutaje. Ni majivuno. Mama mmoja atasema: Upande huu wa altare ni wangu tangu zamani, asiuguse mtu. Mwingine atahesabu maua ya mwenzake na kuyaona machache. Mwingine atakasirika kwa kuwa padri hakumshukuru mbele ya watu. Basi sadaka inageuka kuwa mashindano, na altare kuwa kama dirisha la duka. Kwa ugonjwa huu sijui dawa iliyo bora kuliko ule mkeka wa Arundel. Anayejua tangu mwanzo kwamba kazi yake itakanyagwa, na bado anapanga ua dogo la pembeni kwa uangalifu ule ule, hana nafasi kubwa ya kujivuna. Hafanyi kwa ajili ya kuhifadhiwa.

Lakini si kila uzuri ni sadaka njema. Mwaka 1954 huko Marekani ilianza kuuzwa sponji ya kijani, iliyotengenezwa kwa plastiki, inayonywa maji na kushika vikonyo vya maua. Ilirahisisha kazi sana, ikaenea makanisani katika nchi nyingi. Sponji hiyo haiozi kama majani. Huvunjikavunjika ikawa vumbi la plastiki, ikaingia katika maji na udongo. Kumpamba Muumba kwa kitu kinachoharibu alichokiumba ni jambo la kupingana lenyewe. Wengi wamekwisha kuiacha. Mwaka 2023, mfalme Charles III alipotawazwa katika kanisa la Waanglikana liitwalo Westminster Abbey, maua yote yalipangwa bila sponji hiyo, na baada ya sherehe yakatolewa kwa shirika la hisani ili yawafikie watu wanaohitaji faraja. Hapo nadhani Krisostomo angefurahi: ua lile lile limeheshimu kwanza nyumba ya Mungu, kisha chumba cha mgonjwa. Kwetu chungu chenye mchanga safi na maji kinatosha kabisa.

Imebaki kuwaeleza kanuni za Eklezia, maana maua nayo yana sheria yake. Yawe ya kiasi siku zote. Yawekwe kando ya altare kuliko juu ya meza yenyewe, kwa kuwa meza ni ya mkate na divai. Wakati wa Majilio yapunguzwe, furaha ya Noeli isitangulie siku yake. Wakati wa Kwaresima hayaruhusiwi kuipamba altare, isipokuwa Jumapili ya nne na siku za sherehe na za sikukuu. Kwa hiyo katika majuma yale kikundi cha maua kina nafasi ya kutosha ya kuwatazama wagonjwa wa kijiji. Ijumaa Kuu altare huwa tupu kabisa: haina kitambaa, haina mishumaa, haina msalaba. Usiku wa Pasaka maua hurudi.