Uji wa Saa Nne na Swali la Riziki

Katika maswali ambayo wanazuoni wa dini na wa hekima wameyashindania tangu kale, liko moja ambalo aghalabu huzungumzwa misikitini, makanisani na katika mabaraza ya wasomi, ilhali mahali pake hasa ni nyuma ya darasa la awali, penye mafiga matatu na sufuria kubwa: je, riziki ya mtu asiyeweza kujitafutia imo mikononi mwa nani? Mwenye kusema kuwa imo mikononi mwa Mwenyezi Mungu amesema kweli, wala simpingi. Lakini mtoto wa miaka mitano, aliyetoka nyumbani kabla jua halijapanda, akashika njia ya mchanga baina ya mashamba ya alizeti huko Ikungi, akafika shuleni na kuimba herufi na kuhesabu vijiti mpaka saa nne, hana namna ya kuipokea riziki hiyo ila kwa mkono wa mtu, na mkono huo una mwenyewe, na mwenyewe ana hukumu zake.

Ikungi ni wilaya changa, iliyozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa katika Wilaya ya Singida Vijijini, lakini nchi yake ni kongwe, na watu wake, ambao wengi ni Wanyaturu, wamejua kwa karne nyingi kuishi na mvua inayokuja msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, kisha ikakatika na kuiacha ardhi ikauke mpaka mwaka upindukie. Hulima mtama, uwele, alizeti, karanga na viazi vitamu. Hufuga ng'ombe, mbuzi na kuku ambao sifa yao imekwisha kufika Dar es Salaam kabla yao. Mwenye kuvitazama vitu hivi kwa insafu hatasema kuwa nchi hiyo imenyimwa chakula cha mtoto. Uji wa mtama au wa uwele uliotiwa karanga zilizosagwa, ukaongezwa kijiko cha mafuta ya alizeti, na ukatiwa unga wa ubuyu baada ya kuepuliwa, ni chakula ambacho sioni biskuti ya dukani itakayokifikia: nafaka hutia nguvu, karanga hujenga mwili, na ubuyu una vitamini C, ambayo huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika nafaka, ambayo pasipo msaada huo sehemu kubwa hupita bila ya manufaa. Siku isiyo ya uji kuna kiazi kilichochemshwa, na hasa kile cha rangi ya chungwa kiitwacho kiazi lishe. Kuna yai, kikombe cha maziwa ya mgando, kipande cha papai, na embe msimu wake ukifika. Tahadhari ni mbili tu, nazo si ndogo. Karanga nzima zisipewe watoto wadogo, wasije wakapaliwa. Na karanga au mahindi yaliyoingia ghalani na unyevu yasiingie katika sufuria kabisa, kwani huota ukungu wenye sumukuvu, sumu ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambayo yote miwili imepakana na Singida.

Basi ikiwa neema ipo, swali la kwanza ni kwa nini mtoto huyo aghalabu haipati. Jawabu moja limekaa kwenye lango la shule, juu ya meza ndogo: pipi, ubuyu uliotiwa sukari na rangi nyekundu, barafu za mfuko, biskuti, na maji ya sukari yanayojiita juisi ya matunda ambayo hayakupata kuyaona. Yai la kuku wa nyumbani huchukuliwa na mchuuzi likasafirishwa mjini, na sehemu ya thamani yake humrudia mtoto kwa sura ya sarafu ya shilingi mia, ambayo naye huitoa langoni kwa kitu cha kumwozesha meno. Simlaumu mama aliyeliuza yai. Chumvi na daftari havinunuliwi kwa mayai yaliyokwisha kuliwa. Wala simlaumu sana mchuuzi, ambaye huenda na yeye ana mtoto darasani. Lakini nashangazwa na wale wanaosema kuwa mtoto aachiwe achague, kana kwamba hiari ya mtu wa miaka mitano mbele ya pipi ni hiari ile ile ambayo wanafalsafa waliitukuza. Hiari ni tunda la malezi. Haiwezi kudaiwa kabla ya mti kupandwa.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika katika kitabu chake Ihya juu ya kumlea mtoto, aliiweka tamaa ya chakula mwanzo wa sifa mbaya zinazomshinda mwanadamu udogoni, akashauri mtoto afunzwe kutaja jina la Mungu kabla ya kula, kula kwa mkono wa kuume na kwa upande ulio karibu naye. Katika haya aliifuata adabu ambayo Mtume alimfunza Umar bin Abi Salama, kijana aliyelelewa nyumbani mwake, ambaye mkono wake ulikuwa ukirandaranda sahanini. Akaongeza kuwa mtoto asiharakishe tonge, mara moja moja apewe mkate mkavu ili asidhani kitoweo ni faradhi, na asikikodolee macho chakula wala asiwakodolee macho wanaokula.

Wosia huo ni mwema, nami ningependa usomwe kwa kila mzazi anayeijaza mifuko ya mwanawe biskuti. Lakini hilo la mwisho limenishughulisha kwa muda mrefu. Ghazali alikuwa akisema na baba mwenye sahani. Alimfikiria mtoto aliyeketi mbele ya chakula, ambaye maradhi yake ni ulafi na dawa yake ni kujizuia. Je, tumwambie nini mtoto aliyesimama ukutani bila ya bakuli, huku wenzake wakipuliza uji wao? Tumkataze naye kuwatazama wanaokula? Adabu ya shibe haiwezi kufundishwa tumbo tupu, na mwalimu atakayejaribu kuifundisha atakuwa amefundisha kitu kingine kabisa, yaani kwamba njaa ya mtu ni aibu yake mwenyewe.

Hapa ndipo ilipo kadhia yenyewe. Tangu elimumsingi ilipoanza kutolewa bila ada mwaka 2016, chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki kuwa jukumu la wazazi na jamii: kila kaya hutakiwa kuchanga debe au nusu debe la nafaka, kiasi cha karanga au maharage, kuni, na fedha kidogo ya kumlipa mpishi. Utaratibu huo ni mzuri kwa asili yake. Lakini imezuka katika shule kadhaa za nchi yetu, wala sina haja ya kuitaja hata moja, desturi ya kumpakulia mtoto ambaye mzazi wake amechanga na kumwacha yule ambaye mzazi wake hakuchanga. Na wanaoitetea hawaitetei kwa ukatili, bali kwa jina la haki. Husema: aliyetoa debe lake ana haki ya kuona mwanawe akila, na asiyetoa akipewa sawa na aliyetoa, basi mwakani hapana atakayetoa.

Hoja hiyo haistahili kupuuzwa, kwani ina babu mkubwa. Aristotle alifundisha kuwa haki katika kugawa ni kumpa kila mtu kwa kadiri ya anachostahili, na wafanyabiashara walioshirikiana hugawana faida kwa kadiri ya mitaji yao. Kama wazazi ndio wangekuwa wakinywa uji ule, mjadala ungekuwa umekwisha. Lakini anayekunywa si mshirika. Hakuweka mtaji, hakukaa katika kikao, hakuahidi kitu na hakuvunja ahadi. Kumnyima bakuli ni kumlipisha mtu deni ambalo hakulikopa, tena kumlipisha kwa mali asiyoweza kuipata kwingine saa ile. Dini zote zinazofuatwa Ikungi, na mila za wazee ambazo dini hizo zilizikuta huko, zinajua tofauti iliyopo baina ya mdaiwa na mtoto wa mdaiwa. Sielewi kwa nini tofauti hiyo ipotee mbele ya sufuria.

Tena tuitazame kalenda, kwa maana dhuluma nyingi hujificha katika kalenda. Shule hufunguliwa Januari. Januari huko Singida shamba ni la kijani na ghala ni tupu. Mtama uliovunwa mwaka jana umekwisha au umebakizwa kwa mbegu, na mavuno mapya yako mbali. Kumwendea mkulima wakati huo kudai debe ni kama kumkama ng'ombe aliyekauka, kisha kuandika kuwa ni mkaidi. Wakaidi wapo, sikatai, na wengine wana ng'ombe wengi. Lakini desturi ile ya kumtenga mtoto haimtambui mkaidi wala fukara, na mbele yake mjane na bahili ni kitu kimoja.

Sura ya Al-Maun, ambayo watoto wengi wa madrasa huihifadhi mapema kwa sababu ni fupi, inamhesabu miongoni mwa wenye kuikadhibisha dini mtu amsukumaye yatima na asiyehimiza kulishwa kwa maskini. Lawama haikuishia kwa asiyelisha. Imemfikia hata asiyehimiza. Fukara asiye na punje ameondolewa udhuru wa kunyamaza, seuze mwalimu, mjumbe wa kamati ya shule, au diwani. Kwa upande wa Wakristo, Injili ya Yohana inapohadithia kulishwa kwa maelfu, inasema kuwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili vilitoka kwa mtoto. Na shayiri katika nchi ile ilikuwa nafaka ya watu wa chini, kama mtama unavyodhaniwa leo na wale wanaoona fahari kula mkate mweupe. Wahubiri wengi hushangaa wingi wa vipande vilivyobaki. Mimi hushangaa kuwa wakubwa waliokuwapo hawakuona njia ya kuulisha umati, na chakula kilikuwa katika mikono ambayo waliiona haitoshi kitu.

Wako watakaosema kuwa nimeifanya hisani kuwa deni. Naam, nimefanya hivyo kwa makusudi. Hisani ina uzuri wake, lakini ina kasoro kuwa mwenye kuitoa anaweza kuondoka. Kwa miaka mingi Shirika la Chakula Duniani lilisaidia kulisha wanafunzi katika mikoa yenye ukame, Singida ikiwamo, na msaada ule ulikuwa wa heri. Lakini msaada wa namna ile huja na tarehe yake ya mwisho, na tumbo la mtoto halina tarehe hiyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Maadamu tumemlazimisha mzazi amtoe mtoto jikoni kwake na kumleta kwetu kwa saa kadhaa kila siku, mtoto huyo ni amana mikononi mwetu kwa saa hizo, na wengi wa mafakihi watakuambia kuwa mwenye kushika amana iliyo hai hawezi kuiacha na njaa kwa udhuru kuwa mwenyewe hakuleta malisho; huilisha kwanza, kisha humdai mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakitaja chakula miongoni mwa haki ambazo mzazi hana ruhusa ya kumnyima mwanawe, na kwa hiyo madai hayo yana mlango wa kupitia.

Kwa sababu hiyo sipendezwi pia na shauri la kuwa kila mtoto aje na kikopo chake kutoka nyumbani. Kwa tajiri litakuwa onyesho la chapati na soseji, na kwa fukara litakuwa zoezi la kufungua kifuniko polepole. Sufuria moja ni bora, hata ikiwa uji wake ni mwepesi kidogo kuliko ambavyo wataalamu wa lishe wangetaka.

Yabaki mambo ya utendaji, ambayo si makubwa. Michango ikusanywe Juni, mtama ungali uani na kila mtu ana cha kupima. Asiye na nafaka alete kuni, au alime katika shamba la shule, na siku zake zihesabiwe kuwa debe. Anayeweza na hataki asomwe jina lake katika mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya watu wazima wenzake, ambako ana ulimi wa kujitetea, na mwenyekiti akiona vema ampeleke kwenye baraza. Orodha ya wadaiwa ikae ofisini kwa mtendaji, wala mpishi, ambaye mara nyingi ni mama wa mmojawapo wa watoto hao, asipewe nakala.