Adabu za Kula na Maradhi ya Kisukari



Katika Kurani Tukufu, Sura Al-A'raf, Mwenyezi Mungu ameturuhusu kula na kunywa, na papo hapo akatukataza kupita kiasi. Amri hiyo ni fupi, lakini ndani yake mna mafundisho ya roho na ya mwili pia. Wengi huifahamu kuwa yahusu wingi wa chakula tu. Kumbe anayekula kwa pupa, tonge likifuata tonge kabla la kwanza halijashuka kooni, naye amepita kiasi, ijapokuwa sahani yake ni ndogo.

Napenda kuanza na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mbashiri kijana katika mji mmoja wa pwani, nilitoa hotuba ya Ijumaa juu ya adabu za kula. Kwa bidii ya ujana nikasema kwamba mwenye kutafuna vizuri kila tonge hatahitaji dawa ya kisukari. Maneno hayo niliyasikia kwa watu, wala sikuyachungua. Mzee mmoja aliyekuwa akimeza vidonge vya ugonjwa huo akaviweka kando. Baada ya majuma machache alichukuliwa hospitali akiwa hajitambui. Mwenyezi Mungu akamnusuru. Nilipokwenda kumjulia hali hakunilaumu, ila alisema kwa upole: "Sheikh, mimi nilitafuna kama ulivyotuambia."

Neno hilo halijanitoka moyoni. Kila mwaka nawasimulia wanafunzi wangu katika chuo hiki cha ugenini kabla hawajatoka kwenda kuhubiri, maana asemaye mimbarini huaminiwa, na kuaminiwa ni deni. Basi leo nalipa sehemu ya deni hilo kwa kueleza ukweli ulivyo.

Wanga ulio katika ugali, wali, mihogo na mkate umefanyizwa kwa minyororo mirefu ya sukari. Meno huuponda, na mate, ambayo yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, huanza kuikata minyororo hiyo. Ndiyo sababu kipande cha mkate kikitafunwa muda mrefu huanza kuwa kitamu. Kazi hiyo hukamilika katika utumbo mdogo, na kutoka huko sukari iitwayo glukosi huingia katika damu. Hapo kongosho hutoa homoni ya insulini, ambayo huiwezesha misuli kuipokea sukari, na huliamuru ini kuiweka akiba. Mwenye kisukari ama insulini yake haitoshi, ama mwili wake hauitii sawasawa.

Insulini iligunduliwa huko Toronto, Kanada, mwaka 1921. Mwezi wa Januari 1922 alidungwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa akikaribia kufa, naye akapata nafuu. Kabla ya hapo, mtoto ambaye kongosho lake limeacha kutoa insulini hakuwa na tumaini la kuishi muda mrefu. Je, mwenye akili ataidharau neema kama hiyo kwa sababu ya neno lisilochunguzwa?

Sasa, kutafuna kuna kazi gani katika jambo hili? Mwenyezi Mungu ameupanga mwili kwa hekima ya ajabu. Kongosho halingoji mpaka sukari ifike. Chakula kinapoonjwa na kutafunwa, ubongo hupeleka habari kwa mishipa ya fahamu, na insulini kidogo hutangulia, kama mwenyeji afaguaye ua kabla mgeni hajabisha hodi. Chakula kikifika, utumbo nao hutoa homoni zinazoliamsha zaidi kongosho na kuuarifu ubongo kwamba shibe inakaribia. Habari hizo zahitaji muda. Mwenye kula kwa pupa humaliza sahani ya pili kabla habari ya sahani ya kwanza haijafika.

Hata hivyo, yatupasa kusema ukweli wote. Mwaka 1986 wataalamu wa Uingereza walieleza kwamba watu waliomeza wali, viazi, mahindi na matofaa bila kutafuna, sukari ya damu yao ilipanda kidogo kuliko walipotafuna. Sababu yake yafahamika: bonge kubwa humeng'enywa polepole, na wanga uliosagwa sana humeng'enywa upesi. Tena, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013, watu waliotafuna kila tonge mara 40 waliona njaa kidogo kuliko walipotafuna mara 15, lakini sukari na insulini katika damu yao zilipanda zaidi. Kwa hiyo kutafuna peke yake si dawa ya kushusha sukari. Wala mtu asidhani kwamba ni heri kumeza mabonge, kwani hayo humkaba mtu koo na kulitaabisha tumbo. Faida kubwa ya kutafuna ni kwamba humfanya mtu ale polepole, ashibe kwa kidogo, na aache mapema. Wahenga wetu walisema haraka haraka haina baraka, na mahali pa kuijaribu methali hiyo ni hapo penye sinia.

Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. ametufundisha kwamba vijitonge vichache vya kuunyosha mgongo vyamtosha mwanadamu, na kama hapana budi kuzidisha, basi theluthi moja ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Mtu hawezi kuipima theluthi hiyo iwapo anakula kama anayefukuzwa. Tazama pia desturi yake ya kufuturu: alifungua kwa tende chache, na zikikosekana kwa maji, kabla ya kusali Magharibi. Nasi tukifuata hivyo, sala hutupa kituo kati ya tende na chakula, na mwili hupata nafasi ya kujiandaa. Lakini wangapi miongoni mwetu hufuturu kwa uji wa sukari, kaimati na viazi kwa mpigo mmoja, kisha wakasimama katika Tarawehe wakihema?

Ndugu msomaji, anza na mboga, na samaki au maharage, kisha ndipo wali au ugali ufuate. Imeonekana kwamba utaratibu huo huipunguza kasi ya sukari kupanda. Tafuna, umeze, ndipo unyooshe mkono tena. Na wewe unayetumia vidonge au sindano, usiache hata siku moja kwa neno la mhubiri yeyote, nikiwamo mimi. Mwulize daktari wako. Mtume s.a.w. mwenyewe aliwahimiza watu kutafuta matibabu, akafundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuleta ugonjwa ila ameleta na dawa yake.

Yule mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alitafuna polepole, na vidonge vyake alivimeza kila siku. Mwili ni amana, na ulimi wa mwenye kufundisha ni amana pia. Mwenyezi Mungu atujalie kuzitunza zote mbili. Amin.