Kadi ya Picha Inatosha Lini?

Kijana mwenzangu, ukianza kujiundia kompyuta ya mezani utagundua kila kipuri kina kaka yake mkubwa. Unaanza na kadi ya picha ya kawaida, wiki ya pili uko kwenye RTX 5090: memori ya GB 32, umeme wati 575, bei ya kuanzia dola 1,999 ilipotangazwa Januari 2025. Pawa saplai hujagusa bado.

Je, kuna ubaya kutaka kilicho bora? Aristotle, katika Siasa, anasema hakuna chombo cha fundi kisicho na kikomo. Kikomo chenyewe kinatoka kwenye kazi. Skrini ya herzi 60 hubadilika mara 60 kwa sekunde, basi. Kadi ikitoa picha 200, skrini haiongezi hata moja.

Sisemi ununue vya bei chee. Anayehariri video nzito kila siku ana sababu ya kulipia kadi kubwa, na pawa saplai mbovu ikiungua inaweza kuondoka na vipuri vingine. Ubahili nao hukosea kipimo.

Anayenisumbua ni yule ambaye ukimuuliza "ya kazi gani?" anakutajia namba za majaribio. Huyo hataki chombo, anataka kuwa mtu mwenye chombo kile, na kadi mpya ikitoka mwakani anabaki palepale.

Mimi ningechagua skrini kwanza, ndiyo unayoitazama, halafu nirudi nyuma hadi kwenye kadi. Wauzaji wengi huanzia upande wa pili.