Wanangu, Someni Nyaya

Wanangu mnaosomea elektroniki, nawasikia mkishindana kutaja transista ngapi zimeingia kwenye chipu moja. Ni jambo jema. Lakini nawaomba mtazame pia nyaya zinazoziunganisha, maana huko ndiko mambo yanakokwama.

Mwaka 1997 IBM ilitangaza kwamba ndani ya chipu zake shaba itachukua nafasi ya alumini, kwa sababu ukinzani wa shaba ni mdogo kwa zaidi ya thuluthi. Haikuwa kazi nyepesi. Shaba ikipenya kwenye silikoni huharibu transista, hivyo mfereji wa kila waya sharti utandikwe kwanza utando wa tantalumu. (Tantalumu hutoka kwenye koltani. Nyinyi wa Kivu, jiwe mnaloliona likibebwa kwa magunia lina kazi hiyo pia, na mna haki ya kuijua.) Sasa angalieni tatizo: waya ukizidi kupunguzwa, utando haupungui kwa kadiri ileile, na shaba inabaki imebanwa katikati. Upana ukishuka chini ya nanomita 40 hivi, elektroni hujigonga sana kwenye kuta za waya. Ukinzani hupanda, ishara huchelewa, na transista yenye kasi hukaa ikingoja.

Kwenye nyaya ndefu zaidi, zile zinazounganisha chipu na chipu, mafundi wamegeukia mwanga. Ni mwanga wa aina ileile inayopita kwenye kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilizofika Mombasa mwaka 2009, ila huu hutumwa kutoka chipu hadi chipu. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani, wakiwemo wa MIT na Berkeley, walionyesha prosesa inayowasiliana na kumbukumbu yake kwa mwanga. Ilikuwa na transista zaidi ya milioni 70 na vipande 850 vya kushughulikia mwanga. Hata hivyo silikoni hupitisha mwanga huo vizuri lakini kuutoa haiwezi vyema, kwa hiyo leza hutengenezwa kwa maada nyingine. Tena joto likibadilika kidogo tu, vipete vya silikoni vinavyochuja mwanga huacha rangi vilizopangiwa.

Basi msikimbie somo la metali wala la joto kwa kuwa programu zinaleta ajira upesi. Nanyi mlio karibu na maabara yenye hadubini, mwombeni mwalimu awaachie chipu moja ya mwanga na uzi wa faiba, mjifunze kuvipanga vielekeane kwa mikono yenu. Mkikosea kwa mikromita chache, mwanga mwingi utapotea. Rudieni hadi upite.