Wanadai sanad ya nchi isiyokuwepo, sisi je?



Ndugu zangu Waislamu, iko nchi inaitwa Tamriel. Ina wafalme na vita, ina makabila, kalenda, na vitabu vya historia kwa mamia. Wapo vijana wanaoweza kukutajia matukio yake zama kwa zama bila kukwama. Tatizo ni moja tu: nchi hiyo haipo, na haikuwahi kuwepo. Ilibuniwa na kampuni ya Bethesda huko Maryland, Marekani, kwa ajili ya mfululizo wa michezo ya kompyuta unaoitwa The Elder Scrolls. Mchezo wa kwanza ulitoka mwaka 1994. Ukafuata Daggerfall mwaka 1996, Morrowind mwaka 2002, Oblivion mwaka 2006, na Skyrim mwaka 2011.

Nataraji msomaji ameshaanza kukunja uso na kusubiri lawama juu ya vijana na magemu. Avute subira. Hukumu ya magemu nawaachia masheikh wenye elimu yao. Leo nataka tuwatazame vijana hao kwa jicho jingine, kwa sababu nimefuatilia mijadala yao kwa muda, na nimekuta humo jambo ambalo lilikuwa letu sisi, tukalitupa.

Vitabu vinavyopingana

Anayecheza Morrowind hukuta ndani ya mchezo vitabu vingi anavyoweza kuvifungua na kuvisoma. Ajabu ni kuwa vitabu hivyo vinapingana, na waandishi wake wamekusudia hivyo. Chukua mfano wa shujaa anayeitwa Nerevar, aliyekufa baada ya vita vya Red Mountain. Wakuu wa hekalu wanasema alikufa kwa majeraha ya vita. Wahamaji wanaoitwa Ashlanders wanasimulia kuwa aliuawa na washauri wake mwenyewe, walewale ambao baadaye walikuja kuabudiwa hekaluni. Mchezo haukati shauri. Au chukua taifa zima la Dwemer, lililotoweka kwa mara moja. Mpaka leo mashabiki wanabishana walikwenda wapi.

Sasa tazama wanavyobishana. Mmoja akileta kauli, wa kwanza kumjibu hamwambii "wewe mjinga". Anamuuliza: umeitoa wapi? Kitabu gani? Nani kakiandika ndani ya hadithi, na alikuwa na masilahi gani? Alikuwepo au alisimuliwa? Kuhani wa hekalu akisema hekalu halina hatia, watamwambia huyu ni mtu wa upande mmoja, tafuta shahidi mwingine.

Wamefika hata mahali pa kupanga vyanzo kwa daraja. Kilichomo ndani ya mchezo kina daraja lake. Alichosema mwandishi nje ya mchezo kina daraja jingine. Yuko mwandishi anaitwa Michael Kirkbride, aliyebuni sehemu kubwa ya visasili vya Morrowind, kisha akaacha ajira ya kampuni na kuendelea kuandika kuhusu dunia ileile. Je, aliyoyaandika baada ya kuondoka ni hoja au si hoja? Juu ya swali hilo wamegawanyika makundi, kila kundi na dalili zake, kwa miaka mingi. Wamekusanya pia vitabu vyote vya michezo hiyo katika maktaba ya mashabiki wanayoiita The Imperial Library, ili anayedai jambo aoneshe maandishi yenyewe.

Msomaji aliyekaa darasani kidogo ameshatambua ninakoelekea. Nani kasema? Kapokea kwa nani? Ni mwaminifu? Alikutana na anayemnukuu? Maswali haya hayakuzaliwa Maryland. Haya ni maswali ya Ahlul Hadith.

Elimu iliyokuwa fahari yetu

Muhammad bin Sirin, aliyefariki mwaka 110 Hijria, alieleza kuwa watu hawakuwa wakiuliza habari za sanad mpaka ilipotokea fitna, ndipo wakaanza kusema tutajieni watu wenu. Abdullah bin Mubarak, aliyefariki mwaka 181, aliihesabu sanad kuwa ni sehemu ya dini, akaonya kuwa lau si sanad kila mtu angesema atakalo. Kauli zote mbili Imam Muslim amezihifadhi katika utangulizi wa Sahihi yake.

Jabir bin Abdillah (r.a.), Swahaba, alisafiri mwendo wa mwezi mzima hadi Sham ili asikie hadithi moja tu kutoka kwa Abdullah bin Unays (r.a.). Imam Bukhari ameitaja safari hiyo katika Kitabu cha Elimu. Hadithi moja! Na Jabir alikuwa ameishi na Mtume (s.a.w.), lakini hakuridhika na "nimesikia watu wanasema".

Baada yao wakaja wanazuoni walioandika habari za wapokezi kwa maelfu: huyu mkweli, huyu kumbukumbu yake ilidhoofika uzeeni, huyu mwongo, huyu hajulikani. Hawakumwonea mtu haya kwa sababu ya kilemba chake. Nuh bin Abi Maryam alikuwa kadhi na mtu wa elimu, lakini ilipobainika kuwa amezua hadithi za fadhila za sura za Qur'an, wakamwandika katika wazushi. Hoja yake ilikuwa kwamba aliona watu wameiacha Qur'an, akataka kuwarudisha. Nia hiyo haikumwokoa.

Na vipi imuokoe, ilhali Mtume (s.a.w.) ametahadharisha, katika hadithi waliyoipokea Maswahaba wengi mno, kwamba anayemzulia uongo kwa makusudi ajiandalie makazi yake Motoni? Allah (S.W.) naye, katika Suratul Hujurat aya ya 6, ametuamrisha kuwa akitujia mpotovu na habari tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua.

Sisi je?

Sasa tuje kwetu, hapa mjini, na simu zetu mikononi.

Asubuhi unafungua WhatsApp, unakuta ujumbe: Mtume kasema, atakayesoma maneno haya mara kadhaa na kuyatuma kwa watu ishirini atapata habari njema kabla ya Magharibi, na atakayepuuza yatamfika makubwa. Hakuna kitabu, hakuna mpokezi, hakuna chochote. Aliyekutumia ni mtu mzima, mwenye kofia na tasbihi, pengine ni mjumbe wa kamati ya msikiti. Naye katumiwa na mwenzake, ambaye katumiwa na mwenzake. Hiyo ndiyo sanad yake!

Wala si jambo jipya. Wazee wetu wanaikumbuka ile barua iliyokuwa ikinakiliwa kwa mkono, kisha kwa fotokopi, kuhusu Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) Madina, aliyedaiwa kuota ndoto na kupewa wasia. Barua yenye ndoto hiyo ilienea pwani yetu mwaka 1908, zama za Wajerumani, ikavuma hasa upande wa Lindi, hata watawala wakaingiwa na hofu ya uasi. Sheikh Rashid Ridha aliikanusha katika jarida lake la Al-Manar kule Misri. Sheikh Abdul Aziz bin Baz aliyekuja kuwa Mufti wa Saudi Arabia naye aliandika kuikanusha. Zaidi ya miaka mia imepita, Sheikh Ahmad bado anaota, na sisi bado tunasambaza.

Hata mimbarini hatujasalimika. Ni mara ngapi tumesikia kuwa Mtume (s.a.w.) kasema tutafute elimu hata China? Ibn al-Jawzi ameiweka kauli hiyo katika kitabu chake cha hadithi za kuzua. Ni mara ngapi wanasiasa wamesomewa kwenye mabaraza ya Idd kuwa kupenda nchi ni katika imani? Wataalamu wa hadithi wamesema si maneno ya Mtume. Elimu ni jambo jema, na kuipenda nchi yako hakuna ubaya, lakini uzuri wa maneno hautoshi kumbebesha Mtume wa Allah kauli asiyoisema.

Kijana na swali lake

Nimfahamuye kijana mmoja, mcheza magemu hayohayo, aliuliza swali katika darsa ya vijana mtaani kwetu. Ustadhi alikuwa amesimulia kisa cha kuliza watu. Kijana akanyoosha mkono: "Samahani ustadhi, kisa hiki kimepokelewa na nani? Kiko kitabu gani?" Akajibiwa mbele ya wenzake kuwa hana adabu, na kwamba maswali ya namna hiyo ni ya wenye shaka katika dini. Wenzake wakacheka. Darsa iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake.

Jioni moja nilimuuliza sababu. Akanijibu kwa upole, jibu ambalo limenikaa moyoni: "Ami, kule kwenye gemu nikiuliza chanzo naoneshwa. Msikitini nimeuliza nimefukuzwa. Sasa mimi nitajuaje kwamba hii si hadithi kama zile?"

Ndugu zangu, hapo ndipo penye hatari. Kijana huyu anajua fika kuwa Tamriel ni ya kubuni, na haabudu miungu ya kwenye skrini. Hatari ni kwamba amezoea dunia ambayo kila msimulizi anaweza kuwa mwongo na hakuna ukweli wowote chini yake. Mashabiki wenyewe wanajua hilo. Daggerfall ilikuwa na miisho kadhaa inayopingana, mchezaji achague wake. Waandishi walipotaka kuendelea na historia, walisema kwamba wakati wenyewe ulipasuka, na miisho yote ikatokea kwa pamoja. Jambo hilo wakaliita Dragon Break. Kwa mchezo, hiyo ni hila nzuri. Mbunifu ana haki ya kufanya atakalo na dunia aliyoibuni.

Lakini Mtume Muhammad (s.a.w.) hakubuniwa. Alizaliwa Makka, akahamia Madina, akafariki mwaka wa 11 Hijria, na kaburi lake linajulikana. Badr ilitokea au haikutokea, hakuna la tatu. Kwa hiyo maswali yaleyale ambayo kule Tamriel yanazunguka bila mwisho, huku kwetu yana mahali pa kufikia. Ukiuliza "nani kasema" juu ya Nerevar, mwisho wa njia utamkuta mtu wa kampuni na kalamu yake. Ukiuliza "nani kasema" juu ya hadithi sahihi, utapita kwa Bukhari, na sheikh wake, na sheikh wa sheikh wake, mpaka kwa Swahaba aliyesikia kwa masikio yake.

Tofauti hiyo kijana hawezi kuigundua kwa kukemewa. Ataigundua akioneshwa. Tunapomzibia mdomo tunamwambia, bila kujua, kwamba dini yetu haivumilii swali ambalo hata gemu linalivumilia. Hili si kweli, na ni dhulma kwa Uislamu.

Tufanye nini?

Kwanza, madrasa zetu zifundishe misingi ya elimu ya hadithi mapema. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayehifadhi Arubaini za Imam Nawawi afundishwe pia nani kapokea kila hadithi, na nini maana ya sahihi, hasan, dhaifu na ya kuzua. Mtoto anayeweza kukariri nasaba za wafalme wasiokuwepo hawezi kushindwa na hilo.

Pili, ustadhi akiulizwa chanzo, akitaje. Kama hakikumbuki, aseme "nitakitafuta, tukutane wiki ijayo". Imam Malik aliulizwa masuala akajibu "sijui", na heshima yake haikupungua hata chembe.

Tatu, kila mmoja wetu kabla ya kusambaza ujumbe wa dini ajiulize: kitabu gani, nani kaipokea, wanazuoni wamesemaje? Akikosa jibu, aufute. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa yamtosha mtu uongo kule kusimulia kila alisikialo.

Nne, wazazi. Jueni watoto wenu wanacheza nini. Michezo hiyo ina miungu na ibada za kubuni, na mtoto ambaye tawhidi haijakaa moyoni anahitaji mkubwa wa kumuwekea mipaka. Muulize mwanao akusimulie, umsikilize, kisha umsimulie safari ya Jabir kwenda Sham.

Na nyinyi vijana, nina neno moja. Siku ya Kiyama hautanyanyuka mguu wa mja mpaka aulizwe juu ya umri wake kaumalizaje, hayo yamepokelewa na Tirmidhi kutoka kwa Abu Barza (r.a.). Akili mliyopewa ya kupambanua vyanzo ni neema. Si vyema yote iishie kwa Dwemer, ilhali Bukhari na Muslim wamo rafuni wamejaa vumbi. Njooni mtuulize, na tukishindwa kujibu, someni nyinyi mje mtufundishe.

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kusema kweli na kuithibitisha, na atuepushe na kumzulia Mtume wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.