Aliye taabani atangulie

 Ndugu zangu Waislamu, nawausia pamoja na nafsi yangu kumcha Mungu katika roho za watu, na hasa roho ya mgonjwa wa dharura.

Katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria, sahaba Saad bin Muadh alipigwa mshale kwenye mshipa wa mkono. Alipelekwa kwenye hema la Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam aliyejua kuuguza majeruhi, na hema lenyewe lilikuwa msikitini kwa Mtume (s.a.w.). Msikiti ule ule wa kusujudia, ndani yake damu ikizuiwa! Na aliyekabidhiwa majeruhi ni mwenye kuijua kazi.

Sisi wa Lubarika, huku Kongo, tuna mfano wa jirani, juu pale Lemera. Mwaka 1983 daktari kijana, Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Bukavu, alianza kazi katika hospitali ya Lemera baada ya kusomea udaktari Burundi. Nia yake ilikuwa kutibu watoto. Lakini akakuta akina mama wanaletwa wamebebwa milimani, wengine wamechelewa mno. Huruma alikuwa nayo, ila huruma haizuii damu. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, akarudi 1989. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ile ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani. Hakuacha kazi: hospitali yake ya Panzi ilianza 1999, na Tuzo ya Nobel ya Amani akaipata 2018. Si Mwislamu, najua. Lakini hata Mtume mwenyewe alimwelekeza sahaba mgonjwa, Saad bin Abi Waqqas, kwa Harith bin Kalada, tabibu wa kabila la Thaqif, kwa sababu alijua dawa.

Siku hizi kuna madaktari waliobobea katika dharura peke yake. Kwa jirani zetu Tanzania, hospitali ya Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura 2010, na mafunzo ya mabingwa yakaanza mwaka huohuo. Mtu amekwisha kuwa daktari, ndipo anaongeza miaka mitatu. Daktari huyo haanzi na ukoo wako. Anatazama kama hewa inapita kooni, kama kifua kinapanda na kushuka, kama damu inatoka na mapigo ya moyo yakoje. Anayelia kwa sauti bado ana pumzi ya kulia. Aliyenyamaza ndiye anayemtia hofu. Kwa hiyo anayemgombeza muuguzi ili mtoto wake mwenye kidole kilichovimba amtangulie aliyezimia, huyo amedhulumu, hata kama ni tajiri wa soko zima.

Ila dhuluma kubwa tunaifanya nyumbani, kabla mgonjwa hajafika popote. Mama amejifungua, kitenge kimelowa damu, kimeletwa cha pili nacho kimelowa, na wakubwa bado wamekaa uani: tumngoje mume wake arudi shambani? Pesa ya pikipiki nani atatoa? Tumwite kwanza mwenye dawa za miti? Mama anayevuja damu hivyo anaweza kufa ndani ya saa mbili. Halafu tunasema ni kadari. Kadari tunaiamini, lakini kikao kile tulikiitisha sisi. Na anayepita na sindano mfukoni bila kusomea, ajue kwamba Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mwenye kutibu bila kujulikana kwa utabibu atabeba dhamana ya madhara yake.

Wazee wa msikiti, nawaomba tusitawanyike leo kabla ya kukubaliana. Tuchonge chipoyi imara ya kubebea mgonjwa, ikae hapa msikitini, na vijana wanne wajulikane kuwa ndio wabebaji wake. Sehemu ya sadaka ya kila Ijumaa iwekwe kwa ajili ya pikipiki ya mgonjwa, awe Mwislamu au Mkristo. Nanyi akina baba, waambieni wake zenu na mama zenu leo hii, kwa kinywa chenu: damu ikitoka, ondokeni, msitungoje.