Chora Mwale, Acha Kukariri

Lifunge hilo daftari lenye jedwali la taswira za kioo mbonyeo. Unalijua: kitu kikiwa mbali sana, taswira iko kwenye fokasi, kikiwa kwenye kitovu cha mpindo, taswira iko papo hapo, imepinduka, na kuendelea hadi safu ya mwisho. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha nne hulikariri usiku wa kuamkia mtihani, na asubuhi safu ya tatu imeshaingiliana na ya tano. Nakusihi usijitese hivyo. Jedwali zima limo ndani ya miale miwili, na miale hiyo unaweza kuichora mwenyewe.

Anza na kijiko cha chuma kinachong'aa. Jitazame upande wa ndani, ule unaochota uji: kichwa kiko chini. Hicho ni kioo mbonyeo. Kigeuze utazame mgongo wake: umesimama wima, umekuwa mdogo, na chumba kizima kilicho nyuma yako kimeingia. Hicho ni kioo mbinuko, cha aina ile ile dereva wa daladala anayochungulia pembeni kabla ya kuingia barabarani. Kinampa eneo pana la kuona, lakini magari huonekana madogo, kana kwamba yako mbali kuliko yalivyo. Swali la matumizi ya vioo ukilijibu kwa sababu hiyo, hujabahatisha.

Sasa shika penseli iliyochongwa na rula. Kwa kioo mbonyeo, chora mhimili mkuu, weka C, kitovu cha mpindo, kisha F, fokasi, katikati ya C na kioo. Kutoka ncha ya kitu, mwale wa kwanza uende sambamba na mhimili. Ukigonga kioo, unarudi kupitia F. Wa pili upitie F kwanza. Ukigonga kioo, unarudi sambamba na mhimili. Inapokutana ndipo ilipo ncha ya taswira. Basi!

Sogeza kitu, uchore tena. Kikiingia kati ya F na kioo, mwale wa pili uchore kana kwamba unatokea F. Sasa miale inayorudi inatawanyika na haikutani popote mbele. Irefushe nyuma ya kioo kwa mistari ya vidoti: taswira imesimama wima, kubwa, na si halisi. Ndivyo daktari wa meno anavyoliona jino lako likiwa limekuzwa. Jibu umelipata mwenyewe, na ulichokipata kwa mkono wako hakipotei kwa woga wa chumba cha mtihani.

Ibn al-Haytham, mwanasayansi mzaliwa wa Basra aliyeandika Kitab al-Manazir, kitabu cha elimu ya mwanga, nchini Misri mapema katika karne ya 11, hakuwa na fomula unayoikariri leo. Alijiuliza: mwanga ukitoka hapa na jicho likiwa pale, utagonga kioo cha mpindo mahali gani? Ni swali gumu mno, na alilitatua kwa jiometri. Wewe unaombwa miale miwili tu. Unaiweza!

Fomula nayo ina kazi yake, kuuthibitisha mchoro: 1/f = 1/u + 1/v, ambapo f ni umbali wa fokasi, u umbali wa kitu na v umbali wa taswira, vyote kutoka kwenye kioo. Hapa ishara ndizo huwaangusha hata wanaojua. Ukitumia utaratibu wa kuhesabu kilicho halisi kuwa chanya, f ya kioo mbinuko ni hasi, na v ya taswira iliyo nyuma ya kioo ni hasi pia. Shika utaratibu mmoja hadi mwisho wa swali.

Haya, jaribu usiku huu. Kioo mbonyeo chenye umbali wa fokasi wa sentimita 12, kitu kiko sentimita 18. Chora kwa skeli, pima, ndipo ukokotoe: sentimita 36 mbele ya kioo, imepinduka, kubwa mara 2. Kisha kisogeze hadi sentimita 8: v ni −24, taswira iko nyuma ya kioo, wima, kubwa mara 3. Hesabu ikikataa kulingana na mchoro, usikimbilie kuufuta mchoro. Kagua ishara zako kwanza.